Kitindamimba wa Mnyororo

Wasafiri wanasema hakuna nchi yenye upendo kuishinda Jamhuri ya Sifatele, na hawakosei, kwa sababu huko upendo umeandikwa katika sheria. Ni Sheria Namba Kumi na Nne, na asiyependa anaweza kukamatwa bila hati.

Mambo yalianza na barua. Wanunuzi wa ng'ambo, waliokuwa wakichukua nguo za Kiwanda cha Taifa kwa miaka mingi, waliandika mistari miwili ya adabu wakiuliza kama nguo hizo zinatengenezwa bila kuharibu maji na ardhi. Ikulu ilishikwa na taharuki, kwa kuwa swali la namna hiyo halikuwahi kuulizwa na mtu ambaye hakuweza kuwekwa ndani. Haraka haraka Serikali ikamtuma msomi wake mkubwa, Profesa Nguzo Matimbwa, aufuate mnyororo mzima wa ugavi, kuanzia anayepanda pamba hadi anayekunja nguo na kuitia kwenye boksi. Profesa alizunguka miaka miwili, akarudi amekonda, na ripoti ya kurasa mia nne na kumi na mbili mkononi.

Ukurasa wa kwanza ulisema hivi: "Pale ambapo wabia wa mnyororo wana uhusiano mzuri, mazingira hunufaika." Baraza la Mawaziri lilipofika mwisho wa ukurasa huo, chakula cha mchana kikaletwa. Kilikuwa pilau. Baada ya pilau ripoti ilipitishwa kwa kauli moja.

Ukurasa wa pili ulieleza uhusiano mzuri ni upi: kwamba mkubwa amwambie mdogo ukweli kuhusu kile anachompa, asimsukumie uchafu wake, na wasaidiane kuusafisha. Ukurasa huo haukusomwa, kwa hiyo haukupitishwa, na jambo lisilopitishwa si jambo.

Wizara mpya ikaundwa, Wizara ya Mahusiano ya Mnyororo. Ikatangaza katika gazeti la Serikali kwamba kuanzia sasa wabia wote ni ndugu wa damu. Kiwanda cha Taifa kikawa Baba. Wakala anayesambaza vifaa akawa Mjomba. Wasokotaji wa nyuzi wakawa Shangazi. Na mwisho kabisa, kule chini ambako nyuzi hutiwa rangi kabla ya kurudi kiwandani kufumwa, wakawekwa akina mama wa kijiji cha Chelewa, wakaitwa Kitindamimba. Kila ndugu alipewa wajibu wake. Baba atapenda. Mjomba atafikisha salamu. Kitindamimba atashukuru, wala hatatoa nje mambo ya nyumbani. Na kwa kuwa upendo ndio unaoyatunza mazingira, hapakuwa na haja tena ya kuyapima mazingira. Ungepimwa upendo.

*

Kiongozi wa wale akina mama alikuwa Siwatu binti Mbaruku, mwanamke wa miaka arobaini na saba, mrefu, mwenye mikono ya buluu mpaka kwenye viwiko. Hakuzaliwa nayo hivyo. Mama yake alimfundisha kutia rangi ya buluu kwa majani ya mmea uitwao mnili, yaliyolowekwa mtungini siku nane mpaka yanuke, na mikono ya mama yule ilitakata kwa majivu na maji. Lakini siku nane zilikuwa nyingi mno kwa Baba. Akaleta unga. Unga ulitia rangi kwa nusu saa, buluu kali isiyochuja hata ukiifua mwaka mzima. Ulikuja katika mapipa ambayo karatasi zake za asili zilikuwa zimekwanguliwa kwa kisu, na juu yake pamebandikwa nyingine: *Zawadi ya Baba. Tumia kwa Upendo.*

Maji yaliyobaki yalimwagwa mtaroni, na mtaro ulikwenda mtoni. Mwaka wa kwanza vyura walinyamaza. Mwaka wa pili majimbi ya ukingoni yaligeuka manjano, yakalala. Siwatu aliandika barua kuomba lijengwe karo la kuchujia, walau moja. Akajibiwa kwamba Baba amefurahi kusikia sauti yake. Akaandika ya pili. Akatumiwa picha ya Mkurugenzi wa kiwanda, Bwana Harithi Mbelwa, ndani ya fremu yenye kioo.

Siku ya kupimwa upendo ilikuwa Jumatatu. Alikuja kijana mmoja aitwaye Fikirini Makoroboi, Mpima Mahusiano Daraja la Pili, amevaa tai, shingoni amening'iniza futi ya fundi cherehani. Akawapanga akina mama kumi na mmoja mstari mmoja mbele ya mapipa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja. Twende mtoni kwanza."

"Mtoni kuna ndugu gani?"

"Kuna maji."

Fikirini alifunua fomu yake, akapitisha kidole toka juu hadi chini, akafunua upande wa nyuma. "Maji hayamo, mama. Kuna Kukumbatiana, Kutabasamu, Kuulizana Hali, na Nyimbo."

"Basi yaandike hapo pembeni."

"Pembeni ni pa Wizara." Akasema kwa upole wa kweli, kwa maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa na daraja la pili na alitamani la kwanza. "Sasa mkumbatieni Baba."

Baba hakuwapo. Walikumbatia ile picha, mmoja mmoja, na Fikirini akapima kwa futi nafasi iliyobaki kati ya kifua na kioo.

"Sentimita sita. Hapa pana baridi. Jisogeze, mama. Nne. Eeh, hapo."

Wa nane kwenye mstari alikuwa Mize, wifi yake Siwatu. Aliolewa na kaka yake Siwatu, kaka akafariki, na wale wawili wakabaki katika nyumba moja, wakigombana kuhusu chumvi na kulala chumba kimoja kwa kuogopa radi. Kwa wiki mbili Mize alikuwa akitapika asubuhi na kuficha. Miguu yake ilikuwa imevimba, na viganja vimepasuka hata kijiko kilimponyoka. Aliikumbatia picha. Akaishika kwa nguvu, kwa nguvu mno, mpaka Fikirini akatamka kwa furaha, "Sifuri! Sentimita sifuri!" Kisha Mize akaanguka nayo chini, na kioo kikavunjika.

Fikirini aliandika: *Alizidiwa na upendo.* Chelewa wakapata alama tisini na nne katika mia, na kwa alama hizo Mto wa Chelewa ukahesabiwa kuwa safi.

*

Katika zahanati alikuwapo Daktari Shakombo, mzee aliyepaswa kustaafu miaka sita nyuma lakini hakupatikana wa kumpokea. Alimpima Mize, akatoka nje, akamkuta Siwatu amesimama ukutani.

"Figo zinakufa," alisema. Hakuwa mtu wa kuzunguka. "Ni ule unga wenu. Unaingilia kwenye ngozi."

"Ana dawa?"

"Ninazo dawa tatu kabatini. Unga wa rangi hiyo upo wa aina tatu, na kila aina ina dawa yake. Ukimpa mtu dawa ya unga wake, anapona. Ukimpa ya unga mwingine, unammaliza wewe mwenyewe. Niambie jina."

"Jina la nini?"

"La unga, Siwatu. Unaitwaje?"

Siwatu akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu akatambua kwamba kitu alichokoroga kila siku ya Mungu hajui jina lake. "Tunauita unga," akasema.

"Damu yake huwezi kuipima?" aliongeza Siwatu.

"Maabara ya wilaya siku hizi ni ofisi ya Mpima Mahusiano. Darubini wameitia kwenye kreti." Daktari alivua miwani. "Leo Jumatatu. Nitamshikilia kwa maji ya mshipani. Ijumaa jua likizama, jina halitanisaidia tena."

Ndani, Mize alikuwa macho. Midomo ilimkauka. "Wifi," alisema, "unakwenda wapi na kanga ya sikukuu?"

"Nakwenda kuuliza jina."

"Usikawie. Nani atakoroga sufuria ile ya shaba? Wale wenzetu hawakorogi, wanabembeleza." Akajaribu kucheka, akashindwa, akageukia ukutani. Siwatu aliona mabega yake yanatikisika, akatoka upesi.

*

Jumanne alifika kwa Mjomba. Mjomba ni Bwana Shebe Mwinyikai, wakala mwenye ghala mjini Mkwiju. Alimpokea kwa mikono miwili, akamkalisha kwenye kiti cha wageni, akaagiza chai na mahamri, akauliza hali ya kila mama wa Chelewa kwa jina. Hiyo nayo ilikuwa sehemu ya wajibu wake, na ukutani palikuwa na cheti kinachothibitisha kwamba anauliza vizuri.

"Mize anakufa, Mjomba."

"La haula! Mize wetu?"

"Nataka jina la ule unga."

Bwana Shebe aliweka kikombe chini taratibu. "Mwanangu, mimi napokea pipa limefungwa, natoa pipa limefungwa. Sijawahi kulifungua. Ningelifungua ningejua, na ningejua ningelazimika kukwambia, na ningekwambia ningemkosea Baba. Unaona uhusiano unavyoharibika?"

"Wewe ndiye unayekwangua zile karatasi."

Macho ya Mjomba yalijaa machozi. Yalikuwa machozi halisi. "Nakwangua nimefumba macho," alisema. "Naapa. Vijana wa ghala wanaona ninavyojikata vidole." Akamwonyesha vidole, na kweli vilikuwa na makovu. "Nenda kwa Baba. Nitakuandikia salamu."

Salamu zake zilijaza karatasi nzima, mbele na nyuma. Neno unga halikuwamo.

Jumatano alifika kwa Baba. Mkurugenzi Harithi Mbelwa alikuwa mnene kuliko picha yake, na alinukia udi. Alimkumbatia Siwatu muda mrefu, huku msaidizi wake akipima kwa futi na kuandika. Siwatu alieleza yote. Alieleza kwa utaratibu, bila kulia, kama alivyojisemesha njiani.

Baba alisikiliza. Mwisho akavuta daftari kubwa lenye jalada la kijani, akamfungulia. "Soma mwenyewe, binti yangu. Usije ukasema Baba anakuficha."

Siwatu alisoma. *Aina ya rangi: ya asili. Chanzo: mizizi ya porini. Mkusanyaji na msambazaji: akina mama wa Chelewa.*

Alirudia mara tatu. "Hapa imeandikwa sisi ndio tunaokuletea rangi."

"Ndivyo."

"Lakini wewe ndiye unayetuletea. Kwa mapipa."

"Katika daftari hakuna mapipa," alisema Baba kwa huruma. "Wanunuzi walitaka rangi ya asili. Tungewaambia nini? Wizara ikatushauri tuianzishe rangi kule ambako upendo ni mwingi zaidi. Sasa nikikupa jina la unga, ninakupa jina la kitu ambacho hakipo. Huo utakuwa uongo, Siwatu, na mimi siwezi kumwongopea mwanangu."

"Basi Mize anaugua nini?"

Baba alifikiri. "Mizizi," alisema.

Siwatu alilisogelea daftari tena. Akashika ukingo wa meza, na mikono yake ikaacha alama mbili za buluu kwenye mbao zilizong'arishwa. Msaidizi alikuja na kitambaa, akazifuta, zikakataa kufutika. Wote watatu wakazitazama.

"Majani," alisema Siwatu.

"Nini?"

"Buluu inatoka kwenye majani ya mnili. Haijawahi kutoka kwenye mizizi. Mtu yeyote aliyewahi kutia rangi anajua."

Baba alisahihisha kwa upole. "Wizara imepitisha mizizi."

*

Alhamisi alikuwa Wizarani, ghorofa ya nne, mbele ya mlango ulioandikwa *Mshauri Mwandamizi wa Ukurasa wa Kwanza*. Huko ndani ndiko alikowekwa Profesa Nguzo Matimbwa baada ya kazi yake kubwa. Kazi yake sasa ilikuwa kuusoma ukurasa wa kwanza kwa sauti kila unapokuja ugeni. Kurasa nyingine mia nne na kumi na moja zilikuwa ndani ya sefu ya Waziri, kwa usalama wake.

"Ulikuja kijijini kwetu," alisema Siwatu. "Ulichota unga ukatia kwenye kichupa. Nilikukorogea uji."

"Nakumbuka. Ulikuwa wa mtama."

"Unaitwaje ule unga, Profesa?"

Profesa alitazama mlango, akatazama dirisha, akatazama dari. "Ukurasa wa mia mbili na kumi na saba," alinong'ona. "Mstari wa nne. Umo."

"Sikuombi ukurasa. Niambie kwa mdomo."

"Nikikwambia, kesho sina hii kazi. Nina mke mgonjwa, mama. Nina nyumba ya Serikali." Alikuwa akipangusa jasho kwa karatasi za ofisi. "Mimi niliandika ukweli. Niliuandika wote, na rejea zake. Mtu akishaandika anatakiwa afanye nini zaidi?"

"Autaje," alisema Siwatu. Akapiga magoti. Hakuwa amepanga kupiga magoti. Miguu iliamua yenyewe baada ya siku tatu. "Ana hadi kesho jua kuzama. Ni wifi yangu. Sina mwingine nyumbani."

Profesa alifunika uso wake. Mlango ukafunguliwa, akaingia Mkurugenzi Harithi, akinukia udi, amefuata harufu ya tatizo.

"Binti yangu, unapiga magoti kwa watu baki na Baba yupo?" Akamwinua. "Nimelifikiria suala lako usiku kucha. Kesho asubuhi wanunuzi wanafika wenyewe, wanataka kumwona Kitindamimba. Utapanda jukwaani, utasema rangi ni ya mizizi na ni yenu. Utatia sahihi. Ukishuka, nitakupa bahasha yenye jina. Hapo ni saa nne asubuhi. Unawahi."

"Umesema jina halipo."

"Kwa ajili yako litakuwapo kwa dakika moja."

*

Ijumaa uwanja ulikuwa na zulia, hema na bendi ya magereza. Profesa alisoma ukurasa wake. Waziri alihutubia, akasema Sifatele ndiyo nchi pekee duniani ambamo mto husafishwa kwa kukumbatiana, na makofi yakapigwa. Kisha Siwatu akaitwa.

Alisimama mbele ya kipaza sauti na kanga yake ya sikukuu iliyochafuka safarini. "Rangi ni ya asili," alisema. "Ni yetu."

Mnunuzi mmoja, mama wa makamo mwenye kofia, aliuliza kupitia mkalimani, "Mnaitengenezaje?"

Hilo hakuandaliwa. Mkurugenzi akamwashiria kwa midomo: mizizi. Siwatu alifungua kinywa kusema mizizi, na badala yake yakatoka majani. Alieleza yanavyochumwa asubuhi kabla umande haujakauka. Alieleza mtungi, na maji yanavyoanza kutoa povu la kijani, na jinsi uzi unavyotoka humo ukiwa wa manjano kama umekosea njia, kisha ukiupepea tu, ukiutazama hivi hivi, unageuka buluu mkononi. Alisema mama yake alikuwa akiimba wakati huo, kwa kuhesabu. Kila neno lilikuwa kweli na lote lilikuwa uongo, kwa sababu mtungi ule ulishavunjika na mama alishafariki. Wageni walipangusa macho, wakapiga makofi wamesimama. Siwatu akatia sahihi pale alipoonyeshwa.

Bahasha aliifungua nyuma ya hema. Ndani mlikuwa na kadi ya maua. *Sisi ni ndugu,* iliandikwa. *Baba.*

Hakupiga kelele. Aliisoma upande wa pili, ambao ulikuwa mtupu, akaigeuza tena. Kisha akaanza kutembea kuelekea getini, kwa sababu hapakuwa na upande mwingine wa kwenda, akiwaza atamwambiaje Mize, na kama atawahi hata kumwambia.

"Mama! Mama wa uji!"

Profesa Nguzo alikuwa anakimbia, viatu mkononi. Alimshika bega, akamwinamia sikioni, akasema neno moja. Siwatu hakulishika. Akarudia, polepole, huku anahema: "Dikromazofenili."

"Niandikie."

Alitoa kalamu. Karatasi hakuwa nayo. Akajaribu kwenye kiganja cha Siwatu, na wino wa buluu ukapotea ndani ya buluu kana kwamba hajaandika kitu. Getini askari wawili walikuwa wameshaanza kuwatazama.

"Lishike kichwani," alisema. "Nenda!"

Dereva wa lori la saruji alimpakia kwa kumwonea huruma. Kwa saa tano Siwatu alikaa juu ya mifuko, akilisema lile neno. Di-kro-ma-zo-fe-ni-li. Hakunywa maji, asije akalimeza. Dereva alipomsemesha alitikisa kichwa tu. Mahali fulani barabara ilikuwa imepasuka, lori likaruka, na neno likamtoka. Likaondoka kabisa. Alikaa ameshika kichwa kwa mikono miwili, analia kwa sauti, mazo, krofe, dinili, mpaka likarudi kipande kimoja kimoja, na hata liliporudi hakuwa na hakika ni lenyewe.

Alifika zahanati jua likiwa juu ya paa la shule. Daktari Shakombo alimsikiliza huku akimtazama mdomo.

"Rudia."

Alirudia.

"Una hakika ni *zofe*, si *zole*? Maana *zole* ipo, na dawa yake ni ile ya kushoto."

Siwatu alifumba macho. Akaona mdomo wa Profesa, jasho juu yake, meno yakigusa mdomo wa chini. "Fe," alisema. "Aling'ata mdomo. *Fe*."

Daktari akachukua chupa ya katikati.

*

Mize aliishi. Figo moja ilikufa, na vidole vyake havikukunjika tena sawasawa, lakini baada ya wiki tatu aliulizia chumvi na akasema haitoshi.

Wiki ya nne walikuja kumkamata Siwatu. Yule mnunuzi mwenye kofia hakuridhika na makofi. Aliwatuma watu wake kimya kimya kuchota maji ya mto, wakakuta sumu, wakaandika barua nyingine ya adabu. Serikali ya Sifatele ilishtuka mno kuona kuna uchafu. Ikafungua daftari la kijani kutafuta chanzo. Chanzo kilikuwamo, kwa mwandiko mzuri, na sahihi ya mwenye nacho ilikuwapo pia.

Kesi ilisikilizwa siku moja. Mkurugenzi Harithi alitoa ushahidi akilia, akasema hakuna maumivu yanayozidi ya mzazi aliyeaibishwa na kitindamimba wake, na kwamba tayari amempata kitindamimba mwingine, mto wa juu zaidi. Fikirini, ambaye sasa alikuwa daraja la kwanza, alithibitisha alama tisini na nne, akaeleza kwamba yeye hupima upendo na si vinginevyo. Hukumu ilikuwa imeshapigwa chapa. Hakimu alikuwa ameiwekea kiwiko. Miaka miwili kwa Siwatu, na Chelewa kutolewa katika ukoo. Waendesha mashtaka walikuwa na haraka, kwa kuwa kumbukumbu zote za kesi, neno kwa neno, zilitakiwa kupelekwa ng'ambo ili wanunuzi waone jinsi Jamhuri inavyochukua hatua.

"Mshtakiwa ana neno la mwisho?" aliuliza hakimu.

"Ninalo moja," alisema Siwatu. "Dikromazofenili."

Mwendesha mashtaka aliruka. "Mheshimiwa, neno hilo halipo! Haliko katika daftari, haliko katika sheria, wala katika lugha ya taifa!"

"Ndilo lililomo kwenye mapipa," alisema Siwatu. "Ndilo lililomo mtoni. Ndilo lililomo kwa wifi yangu, yule pale."

Hakimu aligonga meza. Lakini karani wa mahakama, mwanamke mdogo ambaye kwa miaka tisa hakuwahi kusema lolote humo ndani, alikuwa amefundishwa jambo moja tu chuoni, kwamba kinachosemwa kizimbani kinaandikwa. Aliinua kalamu.

"Samahani, mheshimiwa," alisema. "Linaandikwaje?"

Siwatu alimtazama karani. Alikuwa amelibeba neno lile saa tano nzima juu ya saruji, alilipata sikioni na kulitoa mdomoni, na hakuwahi kuliona.

"Sijui," alisema. "Nililisikia tu. Naogopa kulikosea."

Hakimu alikuwa ameshaondoa kiwiko, ameishika hukumu, amesafisha koo. Ndipo kwenye benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, benchi likalia. Mzee mmoja aliyekonda alikuwa anasimama, kwa shida, kwa kujishikiza kwenye begi lililojaa nguo zake zote. Mkurugenzi Harithi aligeuka, akamwona Profesa Nguzo Matimbwa, akaacha kulia.

"Linaanza na D," alisema Profesa. "Andika, binti. Nitakutajia herufi moja moja."